Kulungu wangu wa kwanza Wisconsin alikutwa na ugonjwa, na nyama nilishagawa. Wawindaji wenzangu mlioko Marekani, piteni hapa

#1 Mwana_Kilosa

Wakuu, habari za siku nyingi. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya Waswahili mlioko Marekani na Kanada mnaowinda, au mnaoletewa nyama ya kulungu na watu wa kazini kila ikifika Novemba.

Tuelewane kwanza kwenye jina. Kwetu Morogoro ukisema kulungu, mtu anamwona yule wa vichakani mwenye madoa meupe na pembe fupi zilizojisokota. Huyo ni ukoo mmoja na swala na ng'ombe. Ninayemsema mimi ni yule wa pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, ambaye kwenye Biblia anaitwa ayala. Porini kwetu hayupo. Lakini Waswahili wa huku tumeshazoea kumwita kulungu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Naishi kusini-magharibi mwa Wisconsin, mwaka wa saba sasa, nafanya kazi kiwanda cha jibini. Mzee mmoja tuliye naye zamu moja, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyenipeleka porini mara ya kwanza. Nikasoma kozi ya usalama wa bunduki, maana hapa aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 hapewi leseni bila cheti hicho. Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki, ule wa siku tisa unaobeba na sikukuu ya Shukrani, nilikuwa juu ya dungu tangu alfajiri, baridi imenishika mpaka kwenye meno, koti la chungwa linalowaka mwilini kama sheria inavyotaka. Saa mbili na nusu asubuhi akatokea dume. Nikampiga.

Naomba mshike hili: alikuwa amenona. Manyoya yanang'aa, macho makali, anakimbia vizuri. Hakukuwa na dalili hata moja.

Nilikata kichwa na kipande cha shingo, nikakipeleka kupimwa ugonjwa kwenye kibanda cha Idara ya Maliasili cha kujihudumia. Unajaza fomu, unaandika ulipompiga, unatumbukiza kichwa kwenye mfuko, unaondoka. Hulipi kitu. Mzee akaniambia, "Subiri majibu ndipo ule." Sikusubiri. Mimi nimekulia nyumba ambayo babu akirudi na nyama, jua halizami kabla majirani hawajapata. Siku iliyofuata nilishagawa nyumba tano. Paja lilikwenda kwa mama mmoja wa Goma mwenye watoto sita. Mbavu zilikwenda kwa kijana wa Kigoma. Shingo na mifupa ya mgongo nilimpa rafiki yangu wa Mombasa, alitaka supu.

Siku ya kumi na moja majibu yakaja. Kulungu ameathirika.

Nilipiga simu nyumba tano jioni ile. Tatu walishakula. Yule mama wa Goma aliniuliza swali moja tu: "Sasa kaka, hawa watoto nifanyeje?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo nasoma, nauliza, namsumbua mzee, nimekwenda hadi kwenye mkutano wa kaunti wa mambo ya kulungu. Ninayoandika hapa chini ndiyo niliyoyapata.

#2 Mwana_Kilosa

Naendelea.

Ugonjwa wenyewe huku wanauita CWD kwa kifupi. Kwa Kiswahili ningeuita ugonjwa wa kukonda wa kulungu. Unawapata wanyama wa ukoo wa pembe za matawi tu: kulungu wa aina mbalimbali, elki, wale wakubwa kuliko wote wanaoitwa musi, na reinidia wa nchi za baridi. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Unasababishwa na prioni, yaani protini ya mwilini iliyojikunja vibaya. Ikigusana na protini nzuri ya aina yake, nayo inaipinda. Ile ikaipinde nyingine, hivyo hivyo mpaka ubongo unatoboka matundu kama sifongo. Daktari Stanley Prusiner ndiye aliyelitunga neno hilo prioni mwaka 1982, wenzake wakambishia miaka mingi kwamba haiwezekani kitu kisicho na chembe ya urithi kikaambukiza. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kuwa si kijidudu kilicho hai, huwezi kukiua. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumezoea kwamba moto unasafisha kila kitu. Kuchemsha saa nne, kuchoma, kukausha, kugandisha kwenye friza mwaka mzima, preshakuka: prioni inabaki. Na kulungu anaitoa kwenye mate, mkojo na mavi miezi mingi kabla hajaanza kukonda. Ikianguka chini inashikana na udongo, hasa wa mfinyanzi, na hukaa hapo miaka ikisubiri mwingine aje kula majani.

Kuanzia kuambukizwa mpaka dalili kuonekana ni mwaka mmoja na nusu hivi, wakati mwingine miwili au zaidi. Ndiyo maana dume langu lilikuwa limenona. Yule wa kwenye picha za intaneti, mbavu nje, masikio yameshuka, udenda unachuruzika, anakutazama bila kukimbia, huyo yuko mwishoni kabisa. Hakuna chanjo, hakuna tiba, na aliyeupata haponi.

Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti Fort Collins, Colorado. Kulungu wa zizini walikuwa wanakonda na kufa, watu wakadhani ni lishe au msongo wa kufungiwa. Ilichukua miaka zaidi ya kumi mpaka mtaalamu mmoja mwanamke, Elizabeth Williams, alipotazama bongo zao kwa darubini akaona yale matundu, akafahamu ni ndugu wa ule ugonjwa wa kondoo unaojulikana Ulaya tangu zamani. Mwaka 1981 ukapatikana kwa elki wa porini. Leo uko kwenye majimbo zaidi ya 30 ya Marekani, na Kanada pia.

Wisconsin uligundulika Februari 2002, kwa kulungu watatu waliopigwa msimu wa 2001 karibu na Mount Horeb, mwendo mfupi kutoka Madison. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana mashariki ya mto Mississippi. Angalieni ramani, kutoka Colorado mpaka hapa ni mbali mno kwa kulungu kutembea. Hakuna aliyethibitisha ulivyofika. Ila mimi siamini kwamba ulikuja kwa miguu. Korea Kusini uliingia ndani ya elki walionunuliwa Kanada. Wanyama hawa wanafugwa, wanauzwa, wanasafirishwa kwa magari kutoka ranchi hadi ranchi, na mizoga nayo inasafiri nyuma ya pikapu za wawindaji. Binadamu ana gari kwenye habari hii.

#3 Binti_wa_Uvinza

Pole sana Mwana_Kilosa. Mume wangu naye anawinda, tuko Minnesota. Naomba uniambie kwa lugha ya jikoni: sehemu gani ya mnyama ndiyo mbaya? Mimi kichwa huwa sikitupi, natengeneza supu.

#4 Mwana_Kilosa

Dada yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi kwa Kiswahili. Maelezo ya Kiingereza yapo tele, lakini yameandikwa kwa mtu anayekata minofu akatupa kilichobaki. Sisi hatuli hivyo.

Prioni hujazana kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu, tezi za kooni na tezi nyingine za mwilini. Zimepatikana hata kwenye mnofu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukikwepa kichwa basi uko salama na mnyama mgonjwa. Lakini sasa tazama mapishi yetu. Supu ya kichwa. Ubongo anapewa mtoto au mzee. Mifupa ya mgongo tunaivunja kwa shoka ili uroto utoke. Zile sehemu zilizobeba ugonjwa mwingi kuliko zote, kwetu ndizo za heshima. Rafiki yangu wa Mombasa nilimpa mfupa wa uti wa mgongo kwa mapenzi kabisa.

Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa ni hivi. Navaa glavu wakati wa kuchuna. Sipasui mfupa, natoa nyama kwa kisu tu. Kichwa kinakwenda kupimwa. Mgongo na utumbo vinakwenda kwenye yale makontena ya takataka yaliyowekwa kwa ajili ya mizoga, yakapelekwe jalalani. Sitelekezi kitu porini, maana ukiuacha mzoga chini ya mti umeipanda prioni pale pale. Visu naviosha kwanza vitoke damu na mafuta yote, halafu naviloweka kwenye jiki dakika tano, sehemu 2 za jiki kwa sehemu 3 za maji. Vipimo hivyo vilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2019, na vinafaa chuma kilicho safi. Haviwezi kitu kwenye kipande cha nyama au ubao wa mti.

Na ukipeleka bucha, sema unataka nyama ya mnyama wako peke yake. Soseji nyingi za huku wanachanganya kulungu wa watu wengi kwenye mashine moja. Unaweza ukapima wako akawa mzima, ukala wa jirani.

#5 Gobore

Wakuu, mimi niko Texas mwaka wa 15. Tunakula kulungu kila mwaka na hakuna aliyekufa. Wenyeji wanakula tangu miaka hiyo ya sitini. Naona mnatishana bure. Kama ugonjwa ungekuwa unampata mtu, tungekuwa tumezika wengi.

#6 Mwana_Kilosa

Mkuu Gobore, hoja yako ni ya kweli kwa sehemu kubwa nami sitaificha. Mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyethibitishwa kupata ugonjwa huu. Mwaka 2005 kule kaunti ya Oneida, jimbo la New York, watu walikula kulungu kwenye karamu ya kijamii, baadaye ikajulikana mmoja wa wanyama wale alikuwa mgonjwa. Makumi ya wale walaji walikubali kufuatiliwa miaka na miaka, na hakuna ugonjwa wa namna hiyo ulioonekana kwao. Habari hiyo ndiyo niliyompelekea yule mama wa Goma, na nadhani usiku ule alilala.

Lakini Uingereza nao walisema nyama haina neno. Ng'ombe walikuwa wanaanguka kwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe tangu miaka ya themanini, viongozi wakasema kuleni. Machi 1996 serikali ikasimama bungeni kukiri kwamba inaelekea umeingia kwa watu. Watu 178 walikufa pale Uingereza, wengi wao vijana. Prioni ikishaingia inaweza kukaa mwilini miaka kumi na zaidi kimya. Nyani wadogo wa Amerika Kusini waliolishwa ubongo wa kulungu mgonjwa maabara waliugua. Kwa nyani wengine walio karibu zaidi na binadamu, matokeo yanapingana mpaka sasa. Wakala wa serikali ya Marekani wa kudhibiti magonjwa unasema hivi: ukiwinda eneo lenye ugonjwa, pima, na akikutwa nao usile. Kupima ni bure, mkuu. Sioni tunapoteza nini zaidi ya subira ya wiki mbili.

#7 Daktari_wa_ng'ombe

Nimesomea udaktari wa mifugo SUA, naomba niongeze kidogo kwa walioko nyumbani wanaodhani hili ni la Wazungu peke yao.

CWD yenyewe kwetu haina mnyama wa kumpata porini, hilo kweli. Ila familia ya prioni si ngeni kwa wanyama wa Afrika. Kichaa cha ng'ombe kilipokuwa Uingereza, wanyama wetu waliokuwa kwenye bustani za wanyama huko waliugua: tandala mkubwa, pofu, nyala, choroa. Walilishwa chakula chenye unga wa mifupa ya ng'ombe. Na mwaka 2018 watafiti walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa Algeria, baadaye ukaonekana Tunisia. Huo ni ugonjwa mwingine na si CWD, lakini wafugaji wa ngamia Kenya na Somalia wanapaswa kujua upo.

Na msiuchanganye na kimeta. Kimeta mnyama anakufa ghafla, damu nyeusi inatoka puani, unajua kabisa kuna jambo. Huu unakuja kimya.

#8 Mwana_Kilosa

Shukrani daktari. Habari ya tandala sikuwa nayo.

Sasa nirudi kwenye uwindaji wenyewe, maana niliahidi. Mzee wangu ana miaka 71 na anaukumbuka mwaka 2002 kama watu wanavyokumbuka msiba. Idara iliamua kuwamaliza kulungu wote wa eneo lile ili ugonjwa ufe nao. Misimu ikarefushwa, wapigaji wa serikali wakaletwa, na walipima kulungu zaidi ya 40,000 mwaka ule mmoja. Mauzo ya leseni yakashuka karibu asilimia 10. Wenye mashamba wakafunga mageti. Mzee mwenyewe alifunga. Aliniambia hakuwa tayari kuua majike wote aliowaona wakikua ili watupwe shimoni. Miaka michache baadaye mpango ukaachwa, na hivi sasa kuna maeneo ya kaunti za Iowa, Sauk, Dane na Richland ambako kati ya madume wakubwa wawili unaowapima, mmoja anaweza kuwa mgonjwa.

Wataalamu waliwavisha kulungu zaidi ya 1,000 wa huku kola za kuwafuatilia. Jike mzima ana nafasi 83 kwa 100 ya kumaliza mwaka akiwa hai, aliyeambukizwa ana 41. Dume mzima 69, aliyeambukizwa 17. Mzee anayaona hayo bila kola. Anasema siku hizi lile dume la miaka sita lenye pembe pana halionekani tena, hawafiki umri huo.

Na kuna fedha. Uhifadhi huku unaendeshwa kwa sehemu kubwa na leseni za wawindaji, pamoja na kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sheria ya mwaka 1937 iliielekeza kwenye uhifadhi. Watu wakiacha kuwinda kwa hofu ya nyama, mapato yanapungua wakati kazi ya kupima inaongezeka, na kulungu nao wanazidi kusongamana, jambo ambalo ndilo ugonjwa unapenda. Kwa hiyo mimi simwambii mtu aache kuwinda. Windeni. Msiweke chambo cha mahindi, maana kulungu kumi wakilamba rundo moja wameshalambana mate. Hapa kwenye kaunti zenye ugonjwa kumepigwa marufuku. Ukivuka jimbo beba mnofu bila mifupa, majimbo mengi hayaruhusu mzoga mzima.

#9 Kinywani_Bergen

Niko Norwei. Huku uliingia mwaka 2016, reinidia wa porini milima ya Nordfjella, ndiye mnyama wa kwanza Ulaya nzima. Serikali haikusita: waliua kundi lote la eneo lile, wanyama wapatao 2,000, kazi ikaisha mwaka 2018. Tuliona kwenye habari helikopta na watu kwenye theluji. Wenyeji wengine walilia. Mwaka 2020 ukaonekana tena, safari hii Hardangervidda, kwenye kundi kubwa kuliko yote. Uswidi na Ufini wamepata kwa musi wazee, ila wataalamu wanasema ile ni aina tofauti.

Swali langu kwako mkuu: baada ya yote haya, New York waliwezaje? Nasikia wao waliuondoa.

#10 Mwana_Kilosa

Waliukamata mapema sana. Mwaka 2005 waliupata kwenye mazizi mawili, na nje wakapata kulungu wawili tu wa porini. Wakaua waliokuwa karibu, wakapima maelfu, ukakosekana miaka mingi. Wisconsin tulipoanza kutafuta, ulikuwa umeshatambaa miaka mingi bila mtu kujua. Nadhani tofauti iko hapo zaidi kuliko kwenye ushujaa wa mtu yeyote. Ndiyo maana nawaomba mlioko majimbo ambako bado haujaonekana: pelekeni vichwa. Kichwa chako kimoja kinaweza kuwa ndicho cha kwanza.

#11 Binti_wa_Uvinza

Mume wangu ameusoma uzi wote, kichwa kiko kwenye friza ya gereji, Jumatatu anakipeleka. Na yule mama wa Goma, mlielewana?

#12 Mwana_Kilosa

Tulielewana dada. Nilikwenda kwake mwenyewe, sikuishia kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai. Nyama iliyobaki tuliitoa tukaipeleka kwenye kontena pamoja. Nyumba nyingine moja hawanisalimii tena, na nawaelewa.

Msimu huu nilipiga jike, Jumapili ya pili. Nyama yote imekaa kwenye friza yangu ndani ya mifuko yenye namba ya kipimo, sikumpa mtu hata kipande. Jana jioni majibu yamekuja: ugonjwa haukugundulika. Mzee akanionya kwamba "haukugundulika" maana yake si "hana", aliyeambukizwa juzi anaweza asionekane kwenye kipimo. Nimempigia mama wa Goma nikamweleza hayo yote mawili, na kwamba akikataa sitaona vibaya. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama paja lipo.

Atakuja Jumamosi na watoto. Karatasi ya majibu nimeichapisha, nitampa aisome kwanza.